Mashudu ya pamba

Mashudu ya pamba ni makapi yanayobaki baada ya mbegu za pamba kukamuliwa mafuta, na ndiyo chakula kikuu cha protini kwa wanaonenepesha ng'ombe wa nyama mkoani Simiyu. Mkoa huo, ulioanzishwa 2012 na makao yake yakiwa Bariadi, unaongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Mashudu ya mbegu zilizoondolewa maganda huwa na protini nyingi zaidi. Yenye maganda mengi hushibisha tu. Mnunuzi ayavunje mkononi na kuyatazama: uvundo au ukungu ni sababu tosha ya kuyakataa.

Yana gosipoli, sumu ambayo ng'ombe mkubwa huimudu, lakini ndama, kuku na nguruwe hudhurika. Mashudu yakiadimika, sehemu ya naitrojeni huweza kutoka kwenye urea, ambayo vijidudu vya tumboni huigeuza kuwa protini iwapo kuna wanga wa kutosha, kama pumba za mahindi au molasi. Urea isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu, ichanganywe sawasawa, na ng'ombe azoeshwe taratibu. Isitiwe kamwe kwenye maji ya kunywa: huua ndani ya saa chache.