Vitambulisho vya redio visivyo na betri

Ni vibandiko au hereni za mifugo zenye chipu na antena, ambazo hupata umeme kutokana na mawimbi yanayozifikia. Harry Stockman aliandika kuhusu mawasiliano ya mawimbi yaliyoakisiwa mwaka 1948; mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha vifaa vinavyotumia mawimbi ya televisheni yaliyokwisha kuwapo hewani. Je, mnara wa simu unaweza kuwasha kibandiko cha robota la tumbaku Usoke, magharibi mwa Tabora? Kwa umbali wa kilomita 1 tu, nguvu inayopokelewa kwa kawaida haifiki maikrowati 1, ilhali chipu nyingi za masafa yaliyo karibu na ya simu huhitaji takriban 10. Watetezi wa mnara husema kapasita itakusanya kidogo kidogo. Ni kweli, ila nguvu ikiwa hafifu hivyo, sehemu kubwa hupotea wakati wa kuigeuza kuwa umeme. Simu yenye NFC (mawasiliano ya karibu sana), ikisogezwa sentimita chache, hukiwasha kibandiko cha megahezi 13.56 papo hapo. Haisomi hereni za ng'ombe za kilohezi 134.2, hizo zina kisomeo chake. Kwa robota la Usoke, simu iliyo mkononi ndiyo ya kutegemewa, si mnara.