Kwa Nini Farasi Hakupata Makao Nemba



Mtoto wa Nemba aweza kumaliza kidato cha nne bila kumwona farasi ila kitabuni. Ng'ombe anamjua, mbuzi anamjua, farasi hapana. Jambo hili si la bahati tu; lina historia yake, na historia hiyo inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu farasi.

Huko Kenya, walowezi wa Kizungu walianza kushindanisha farasi tangu mwanzo wa karne ya 20. Chama chao kiliitwa East African Turf Club. Walikimbiza farasi Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1926 farasi Wise Child, aliyefunzwa na Bibi Beryl Markham, alishinda mbio kubwa ya St Leger mjini Nairobi. Jina la bibi huyo limeandikwa vitabuni. Majina ya masaisi wa Kiafrika, waliowalisha na kuwasugua farasi usiku na mchana, ni machache mno yaliyoandikwa. Uwanja wa zamani haupo tena, ila barabara ya Race Course, jirani na mtaa uitwao Ngara kama wilaya jirani yetu, ingali inalihifadhi jina. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954.

Nilipata kuipeleka familia yangu Ngong Jumapili moja. Siku hizi watu wa kila rangi huenda na vikapu vyao vya chakula, watoto wakacheza majanini. Kabla ya kila mbio farasi hutembezwa duara ili watazamaji wawakague. Wapandaji hupimwa kwenye mizani, na farasi aliye hodari huongezewa uzito ili wanyonge nao wapate nafasi. Binti yangu aliniuliza kwa nini kwetu hakuna mchezo kama huo. Nilimjibu kwa neno moja: mbung'o.

Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce aligundua kijidudu katika damu ya wanyama waliokuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa wa nagana, akathibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Nyati na swala hukibeba kijidudu hicho bila kuonyesha dalili. Farasi hudhoofika upesi akafa. Mwaka 1903 Bruce alithibitisha Uganda kwamba mbung'o hueneza pia malale kwa binadamu.

Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Palipokosekana mifugo na mikono ya kulima, vichaka viliota, na mbung'o akafuata vichaka. Malale yalipoenea Biharamulo, serikali ya kikoloni ililazimisha watu waliotawanyika porini kuhama, ikawakusanya katika makazi ya malale miaka ya 1930. Palipofyekwa na kukaliwa na watu wengi, mbung'o alikosa kivuli. Hatua hiyo iliokoa maisha. Lakini watu waliacha mashamba, migomba na makaburi ya wazee wao. Walikohama pori lilirudi, na sehemu kubwa ya pori la wilaya hii sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019.

Kwa hiyo tusidhani kwamba Mwafrika hana hamu ya mashindano ya wanyama. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kwa punda na mji mzima hutoka kutazama. Wala mbung'o si adui asiyeshindika: kisiwa cha Unguja kilimmaliza katika miaka ya 1990, kwa madume yaliyofanywa tasa.

Vijana, ninyi mliopo shuleni mna kazi ambayo sisi tuliichelewesha. Waliohamishwa wakiwa watoto wamebaki wachache sana, na watoto wao nao wamezeeka. Likizo ijayo chukueni daftari, mwulizeni babu au bibi: kijiji chetu cha kwanza kiliitwaje, na kilikuwa upande gani wa pori? Andikeni jina hilo na jina la aliyewaambia, kisha mkabidhi daftari kwa mwalimu wa historia. Ramani haziyaonyeshi yote.