Kutoka kutaifisha benki hadi kubishania asilimia

Pale Kaloleni, Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, lipo jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana humo ikapitisha Azimio. Likatangazwa Februari 5, na siku ya pili yake benki binafsi zikataifishwa. Uipende hatua ile au uichukie, kulikuwa na kitu cha kushika: majengo yalikuwa hapa nchini, na vitabu vya hesabu na makarani pia.

Miaka 55 baadaye serikali ilijaribu kuishika programu ya simu. Machi 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliagiza kamisheni ya kampuni za usafiri wa mtandao isizidi asilimia 15. Uber ilikuwa ikikata 25. Kwa dereva maana yake ni kwamba abiria akilipa shilingi 10,000, kampuni ichukue 1,500 badala ya 2,500. Na hapo mafuta na hesabu ya tajiri bado havijatoka. Aprili 14 Uber ikasimamisha huduma nchi nzima. Agosti, Bolt nayo ikabaki na wateja wa makampuni tu. Sasa utataifisha nini? Gari ni la dereva au tajiri wake, simu ni ya dereva, hata bando ananunua mwenyewe. Januari 2023 Uber ilirudi, baada ya LATRA kupandisha ukomo hadi asilimia 25, yaani palepale ilipokuwa.

Sioni kosa LATRA kujaribu. Tatizo ni kwamba ilijaribu peke yake. Kenya, mwaka huohuo, iliweka ukomo wa asilimia 18; kampuni zililalamika, lakini Nairobi hazikuihama. Soko la kule ni kubwa mno kuliachia.

Madereva wa Arusha nao wana udhibiti wao. Ita gari kutoka Mnara wa Saa kwenda Njiro, simu itaita kabla gari halijafika: "Dada, unaelekea wapi? Futa hiyo safari, nikupeleke kwa bei ileile, utanipa keshi." Kamisheni imekwepwa, ila likitokea la kutokea njiani, safari hiyo haimo popote.

Nguvu ya kuzibana kampuni hizi ingeweza kutoka mjini hapahapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, sasa ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Soko la namna hiyo halifungiwi kwa tangazo la siku moja. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ni ya 2006. Lakini Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ilianza kupokea taarifa za kampuni zinazotaka kuungana Novemba 1, 2025, karibu miaka 20 tangu sheria ipitishwe. Wakati inajipanga, pesa za simu na teksi za mtandao zimekuja na kuota mizizi. Na Mamlaka imeanzia kwenye kuungana kwa kampuni. Kamisheni ya dereva wa Njiro bado ni ya kila nchi na lwake.