Madoa ya mishipa ya damu kwa watoto wachanga

Madoa ya mishipa ya damu ni alama za ngozi zitokanazo na mishipa midogo iliyozidi au kutanuka kupita kawaida. Baka la kibuluu la matakoni, ambalo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo, halimo humu: hilo ni rangi tu na hufifia lenyewe.

Linalokutwa zaidi ni hemanjioma, uvimbe laini unaowapata hasa wasichana na njiti. Mara nyingi haupo siku ya kuzaliwa. Hujitokeza wiki za mwanzo, hukua kwa kasi hadi mwezi wa 5 hivi, na baada ya mwaka huanza kunywea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, hivyo mkono huuwahi uvimbe kuliko jicho: pana joto, pameinuka, panabonyea.

Kwa familia za Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, kipindi hicho cha kukua kwa kasi ndicho cha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Mtoto yuko tayari mikononi mwa muuguzi, Mnazi Mmoja au kliniki nyingine. Avuliwe kofia, afunguliwe khanga, akaguliwe mwili mzima. Uvimbe karibu na jicho unaweza kuharibu uoni. Wa kidevuni huenda una mwenzake kooni, na mtoto akipumua kwa mlio awahishwe hospitali. Madoa 5 au zaidi yanahitaji ultrasaundi ya ini. Kumwambia mama wa mtoto mwenye dalili hizo asubiri hadi uishe wenyewe ni kumpotezea miezi isiyorudi, ilhali hospitali ya Muhimbili iko Upanga, jirani kabisa.

Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kuwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha, huufanya uvimbe huu unywee. Isinunuliwe dukani kwa kukisia: kwa mtoto mchanga huweza kushusha sukari na mapigo ya moyo na kubana kifua. Daktari huipima kwa uzito wa mtoto, naye huinywa akiwa ameshanyonya.

Doa bapa la zambarau ni jingine. Mtoto huzaliwa nalo na halifutiki lenyewe. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa chanzo ni badiliko la jeni ya GNAQ linalotokea mimba ikiwa changa, bila kurithiwa. Mama hana kosa, wala chakula alichotamani. Likikaa kwenye paji la uso na ukope, linaweza kuambatana na sindromu ya Sturge-Weber, yenye degedege na presha ya jicho. Presha hiyo huweza kuanza uchangani au ukubwani, kwa hiyo macho hupimwa mapema na kurudiwa kila mwaka.