Shaba, Fedha na Hela

Mkimsikia Mwingereza wa kaskazini akisema hana "brass", yaani shaba ya manjano, msishangae: maana yake hana pesa. Nasi pesa twaziita "fedha", ingawa noti haina hata chembe ya madini hayo.

Na "hela" je? Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia ya koloni yao hapa sehemu 100, kila moja ikiitwa "heller", jina lililotokana na mji wa Hall huko kwao. Kisha vita vikazuia meli. Mwaka 1916 wakalazimika kutengeneza sarafu za heller 5 na 20 mjini Tabora. Nyingi zilikuwa za shaba ya manjano. Septemba mwaka uleule Wabelgiji wakauteka mji huo. Mwaka 1921 ikaja shilingi.

Sarafu ikaenda, neno likabaki. Leo mkulima wa korosho hapa Nambambo akisema, "Sina hela," anataja sarafu ambayo huenda hata babu yake hakuishika. Basi kumbukeni: serikali huweza kufuta sarafu, lakini neno ni mali ya wanaolisema.