Ufalme wa Gondor na Kufifia Kwake

Gondor ni dola ya kubuni. Imo katika kitabu cha The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, mwanachuoni wa Uingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Kitabu hicho kilitolewa kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, na mwisho wa juzuu ya tatu mwandishi ametia tarikhi ya wafalme wake mwaka kwa mwaka, kama itiwavyo tarikhi ya nchi ya kweli. Kwa hiyo yafaa kuuliza juu ya Gondor swali liulizwalo juu ya kila dola kongwe: ni nini kilichoiangusha?

Nchi yenyewe ilikatwa na mto mkuu Anduin, uliotoka kaskazini kwenda baharini. Waanzilishi wake, Isildur na Anárion, walikuwa wakimbizi wa Númenor, kisiwa kilichomezwa na bahari. Wakajenga mji mkuu, Osgiliath, kando zote mbili za mto. Mashariki, karibu na milima ya adui, wakaweka Minas Ithil, Mnara wa Mwezi. Magharibi, chini ya mlima, Minas Anor, Mnara wa Jua. Mji ulikuwa moyo, na minara ilikuwa ngao zake.

Dola ilistawi hata ikafika Bahari ya Rhûn upande wa mashariki na bandari ya Umbar upande wa kusini. Ndipo ikaja fitina ya ndani. Mfalme Valacar alikuwa amemwoa Vidumavi, binti wa mtawala wa watu wa Kaskazini. Wakubwa wa Gondor wakanung'unika kwamba mwana wao, Eldacar, hatakuwa na umri mrefu wa mababa, na damu ya kifalme itachujuka. Valacar alipokufa, mwaka 1432 wa Zama za Tatu, wakapigana wao kwa wao. Mwaka 1437 Osgiliath ikateketezwa, si kwa mkono wa adui, bali kwa mkono wa wenyewe. Eldacar alirudi akashinda, lakini wana wa mpinzani wake walikimbilia Umbar, na bandari ile ikawa ya maadui. Ama Eldacar mwenyewe aliishi miaka 235. Hofu iliyouchoma mji haikuwa na msingi.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya juu ya mabaya. Tauni ya mwaka 1636 ilimwua mfalme na watoto wake wote, na ulinzi wa mpaka wa mashariki ukalegea. Mwaka 1640 kiti cha enzi kikahamishiwa Minas Anor. Mwaka 2002 Minas Ithil ikatekwa. Basi ngome ya nyuma ikawa mji mkuu, na mji mkuu ukawa mpaka. Hata jina likageuzwa kuwa Minas Tirith, Mnara wa Ulinzi. Mwaka 2050 mfalme wa mwisho alitoka kwenda kupigana asirudi, wala hakuacha mrithi. Makaimu wakatawala kwa miaka 969. Makaburi yalipambwa kuliko nyumba za walio hai, na mji ukakosa nusu ya watu ambao ungaliweza kuwaweka.

Hata hivyo Gondor haikufa. Mwaka 2510, jimbo lake la kaskazini lilipovamiwa, Eorl alishuka na wapanda farasi wake akaiokoa, naye Kaimu Cirion akawapa nchi hiyo, ikawa Rohan. Mwaka 3019, Minas Tirith ilipozingirwa, wajukuu wa Eorl walikuja tena alfajiri na kuuvunja mzingo. Nao ni wa asili ya watu wale wale wa Kaskazini, kabila la Vidumavi. Damu iliyodharauliwa barazani kwa wafalme ndiyo iliyomwagika uwandani ili mji wao usimame, na mfalme apate mahali pa kurudi.