Damu ya Mama na Damu ya Mtoto

Tangu zamani wakunga wa nchi nyingi wamelijua jambo moja la huzuni. Mwanamke huzaa mtoto wa kwanza, naye ni mzima mwenye nguvu. Wa pili huzaliwa, na kabla ya jua kuchwa macho yake na ngozi yake hugeuka kuwa manjano, kisha hufa. Wa tatu hutoka amekwisha kufa tumboni. Ndipo watu huanza kunong'ona: huyu husema mwanamke ana mkosi, huyu hutafuta mchawi, na mwingine humshauri mume aoe tena. Leo twajua ya kuwa mara nyingi mwanamke wa namna hiyo hakuwa na kosa lo lote. Yafaa tujue jinsi jambo hili lilivyovumbuliwa.

Kwanza tutazame kinga ya mwili. Ndani ya damu ya kila mtu mna walinzi. Kitu kigeni kikiingia, kama vijidudu vya maradhi, walinzi hukitambua, hukipiga vita, tena hukikumbuka. Kwa sababu hiyo aliyekwisha kuugua surua kwa kawaida haugui tena. Lakini hapa pana fumbo. Mtoto aliye tumboni amerithi nusu ya asili yake kwa baba, basi kwa mwili wa mama yeye ni nusu mgeni. Mbona walinzi hawamfukuzi?

Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Peter Medawar, aliliuliza swali hilo waziwazi. Alidhani labda kondo la nyuma humtenga mtoto na damu ya mama, au labda kinga ya mama hulegea. Waliomfuata wameona kwamba kinga ya mama hailali kabisa. Baadhi ya chembe zake hukusanyika katika mji wa mimba na kusaidia mishipa ya damu ipanuke ili mtoto alishwe. Tena, hasa katika miezi ya mwisho, mama humpitishia mtoto walinzi wake kwa njia ya kondo. Ndiyo maana mama mjamzito hudungwa sindano ya pepopunda: mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyopewa na mamaye. Walakini mlango ule ule upitishao msaada waweza kupitisha na madhara.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, katika mji wa Vienna, alionyesha kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali. Watu wakafikiri kwamba makundi yakipatana hakuna hatari tena. Lakini mwaka 1937 mwanamke mmoja huko New York alizaa mtoto mfu. Alipohitaji damu akatiwa ya mumewe, maana walikuwa kundi moja. Mara akashikwa na baridi kali na maumivu. Madaktari Philip Levine na Rufus Stetson walichunguza habari hii, na mwaka 1939 wakaandika ya kuwa mama yule alikuwa amefanya walinzi wa kupigana na kitu fulani ambacho mtoto alikirithi kwa baba. Mwaka 1940 Landsteiner, ambaye alikuwa amehamia New York, pamoja na Alexander Wiener, wakatangaza habari za kitu katika damu walichokipata kwa kuchunguza damu ya kima aitwaye Resusi. Jina la kima likabaki, nasi huandika Rh. Aliye na kitu hicho huitwa Rh chanya, asiye nacho Rh hasi.

Sasa fumbo la wakunga likafumbuka. Mama wa Rh hasi aweza kuchukua mimba ya mtoto wa Rh chanya. Wakati wa kuzaa, matone ya damu ya mtoto huingia katika damu ya mama. Walinzi huamka, lakini mtoto wa kwanza amekwisha kutoka salama. Ajapo wa pili mwenye damu kama ile, walinzi hukumbuka, hupita kondo, na kuziharibu chembe nyekundu za damu yake. Si mama aliyemchukia mwanawe, wala si mchawi.

Katika miaka ya 1940 madaktari walianza kumtoa mtoto damu yake kidogo kidogo na kumtia nyingine. Mwaka 1963 William Liley wa Auckland, New Zealand, alifaulu kumtia mtoto damu angali tumboni. Lakini hayo yalikuwa kuzima moto baada ya nyumba kushika.

Njia ya kuuzuia moto ilitafutwa mahali pawili. Huko Liverpool alikuwako Cyril Clarke, daktari aliyependa kufuga vipepeo na kuchunguza urithi wao, na mwenzake kijana Ronald Finn. Huko New York walikuwako Vincent Freda, John Gorman na William Pollack. Shauri lao lilikuwa la ajabu: mama apewe walinzi wa Rh waliotoka kwa mtu mwingine, ili asifanye wake mwenyewe. Ni kama wageni waondolewao usiku kabla wenyeji hawajaamka. Asubuhi hakuna awakumbukaye. Nao walinzi wa kuazima huisha wenyewe baada ya miezi michache. Wafungwa wa gereza la Sing Sing walijitolea kujaribiwa, na mwaka 1968 dawa ikaruhusiwa Marekani.

Dawa hii hutengenezwa kwa damu ya watu. James Harrison wa Australia alipasuliwa mwaka 1951 akiwa na miaka 14, akaponywa kwa damu ya wengine. Akaahidi kuilipa fadhila hiyo. Alianza kutoa damu mwaka 1954, na damu yake ikaonekana ina walinzi hao kwa wingi. Alitoa zaidi ya mara 1,100, mpaka mwaka 2018. Alifariki mwaka 2025.

Katika Ulaya watu wa Rh hasi ni kama 15 katika 100. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache zaidi, lakini wachache si hakuna, na katika nchi nyingi maskini sindano hii bado ni haba na ghali. Basi, msomaji, mkeo au binti yako akichukua mimba, aulize kliniki damu yake ni ya namna gani. Ikiwa ni Rh hasi, na mtoto akazaliwa na Rh chanya, sindano hudungwa kabla ya saa 72 kupita. Hata mimba ikiharibika, asikose kuuliza. Walinzi wake wakiisha kuamka, sindano haiwezi kuwalaza tena. Na jirani akifiwa na watoto mfululizo, tusimnong'one. Tumsindikize hospitali, damu yake na ya mumewe zikapimwe.